Mshika Mawili Moja Humponyoka

Ndugu wanafunzi wenzangu wa zamani, nanyi vijana mlioko madarasani hivi sasa,

Wale tuliosoma chapa pamoja mnakumbuka jinsi mwalimu wetu alivyotufunika mikono kwa kitambaa ili tusitazame vitufe. Alituambia kwamba vidole vina akili yake. Maneno hayo niliyasahau, na kusahau kwangu kulimponza mtu asiye na hatia.

Mwaka 2013 nilikuwa mtunzaji wa kompyuta katika ofisi moja. Zikaletwa kompyuta mpya zenye mfumo wa Windows 8. Karani wetu wa miaka mingi, mama aliyeheshimika, aliketi mbele ya kioo kilichojaa vigae vya rangi, akaniuliza, "Kaka, kile kitufe cha kuanzia kimekwenda wapi?" Nilimjibu mbele ya watu kwamba dunia haimngoji mtu. Barua zake zilipochelewa, niliandika katika taarifa yangu kwamba hana ujuzi. Akahamishiwa masijala.

Baadaye nilifuatilia historia ya jambo hilo, nayo ilinihukumu mimi.

Kitufe alichokiulizia kilizaliwa pamoja na Windows 95, iliyotolewa tarehe 24 Agosti 1995. Kwa miaka 17 kilikaa chini kushoto, na mamilioni ya watu wakazoea kuanza kazi zao hapo. Kisha ikaja simu ya iPhone mwaka 2007, na iPad mwaka 2010. Watu wakapenda kugusa kioo kwa kidole. Kampuni ya Microsoft, ikiogopa kuachwa nyuma, ikaamua kuunganisha mambo mawili: mfumo mmoja wa kompyuta ya mezani na ya kushika mkononi.

Windows 8 ilianza kuuzwa tarehe 26 Oktoba 2012. Kitufe kilikuwa kimeondolewa. Mtu wa mezani, asiye na kioo cha kugusa, alitakiwa kusukuma kipanya hadi pembeni kabisa ndipo njia ijitokeze. Hata mipangilio ya mashine iligawanyika, mingine huku na mingine kule. Ikawa nyumba moja yenye milango miwili, na mgeni hajui abishe upi.

Tena palikuwa na ndugu yake, Windows RT. Kwa sura ilifanana na Windows, lakini programu za zamani za watu hazikuweza kuwekwa humo. Mnunuzi alitazamia kilicho ndani kilingane na jina. Julai 2013 Microsoft ilitangaza hasara ya dola milioni 900 kwa ajili ya vifaa vya Surface RT. Oktoba mwaka huohuo Windows 8.1 ikakirudisha kitufe, na mwaka 2015 Windows 10 ikairudisha orodha yake pia.

Wengine nao walijaribu. Mwaka 2013 Canonical, wenye mfumo wa Ubuntu, waliomba umma dola milioni 32 ili watengeneze simu ambayo ingegeuka kompyuta ikiunganishwa na kioo kikubwa. Ahadi zilipita milioni 12 tu. Aprili 2017 Mark Shuttleworth, mwanzilishi wao, akatangaza kuiacha safari hiyo. Apple wao waliiacha mifumo yao iwe miwili, ingawa tangu mwaka 2020 kompyuta zao mpya zinaweza kuendesha programu nyingi za simu.

Sisemi kwamba kuunganisha ni kosa. Kidole ni kinene na kinataka alama kubwa. Kipanya ni chembamba na kinaweza kazi ndogondogo. Anayeandika barua kurasa kumi hakukaa kama anayesoma ujumbe ndani ya basi. Kosa ni kumwendea mtu na chombo kipya bila kuuliza mikono yake imezoea nini, kisha kumwita mjinga.

Nilikwenda masijala kumwomba radhi yule mama. Alinisamehe, akanikaribisha chai. Lakini kiti chake kilikuwa kimekwisha pewa mwingine, na taarifa yangu ilikuwa bado imo katika jalada lake.

Vijana, miongoni mwenu watatoka mafundi wa mitambo ambayo sisi hatutaijua. Siku mzee atakapowauliza kitufe kimekwenda wapi, msimcheke. Mwonyesheni, kisha mjiulize ni nani aliyekiondoa, na kwa nini.