Dawa za kurejesha damu kwenye ugwe mgongo baada ya jeraha

MTU anapoumia ugwe mgongo, yaani mkanda wa neva unaopita ndani ya mifupa ya uti wa mgongo na kubeba ujumbe kati ya ubongo na mwili, madhara hayaishii pale alipogongwa. Jeraha la kwanza hutokea kwa sekunde chache. La pili hufuata kwa saa na siku kadhaa: mishipa midogo ya damu hupasuka au kusinyaa, uvimbe huibana iliyobaki, na seli zilizonusurika hukosa oksijeni na kufa. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), watu zaidi ya milioni 15 duniani wanaishi na jeraha la ugwe mgongo.

Silaha ya kwanza ya madaktari ni shinikizo la damu. Jeraha la shingoni au la sehemu ya juu ya kifua hukata mawasiliano na neva zinazokaza mishipa ya damu, hivyo shinikizo hushuka. Mgonjwa huongezewa maji mwilini kupitia mshipa na, yasipotosha, hupewa dawa ya kukaza mishipa kama noradrenalini. Dawa hiyo hubana mishipa ya mwili, lakini kwa kupandisha shinikizo husukuma damu hadi kwenye ugwe, ambao baada ya kuumia hushindwa kujirekebishia wenyewe mtiririko wake.

Mwongozo wa madaktari wa upasuaji wa neva wa Marekani wa mwaka 2013 ulipendekeza wastani wa shinikizo uwe milimita 85 hadi 90 za zebaki kwa siku saba. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2024 ulilegeza kiwango hicho: usishuke chini ya 75 hadi 80, wala usizidi 90 hadi 95, kwa siku tatu hadi saba.

Njia nyingine ni kutanua mishipa yenyewe. Dawa ya nimodipini ilitoa matumaini kwa wanyama, lakini utafiti uliofanyika Ufaransa kwa wagonjwa 106, na kuchapishwa mwaka 2000, haukuona nafuu yoyote. Ugumu wa njia hiyo ni kwamba dawa inayotanua mishipa ya mwili mzima huweza kushusha shinikizo, na ugwe ukakosa hata damu kidogo uliyokuwa ukiipata.

Mwaka 2017, watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Canada, wakiwemo David Bennett na Karim Fouad, walieleza katika jarida la Nature Medicine kuwa upungufu wa damu huendelea hata muda mrefu baada ya jeraha. Katika panya, sehemu ya ugwe iliyo chini ya jeraha ilikuwa na njaa ya oksijeni ya kudumu. Chanzo kilikuwa seli zinazoizunguka mishipa midogo kabisa, ziitwazo perisaiti. Kwa kutumia kimeng'enya fulani, seli hizo hugeuza triptofani, kirutubisho kinachopatikana katika chakula, kuwa triptamini, ambayo huzifanya zijikaze na kubana mishipa.

Watafiti walipokizuia kimeng'enya hicho, au kuziba vipokezi vya kemikali hiyo, damu ilipita vizuri zaidi na panya wakatembea vizuri zaidi. Kuvutishwa hewa yenye oksijeni nyingi nako kulisaidia. Maana yake ni kwamba baadhi ya neva zinazodhaniwa zimekufa huwa hai, ila zimedhoofika kwa kukosa hewa.

Hata hivyo, matokeo ya panya si tiba ya binadamu, na dawa za shinikizo huhitaji uangalizi wa karibu hospitalini. Mgonjwa asijinunulie dawa za kutanua au kukaza mishipa. Kwa majeruhi wa ajali, msaada wa kwanza ni kutomkunja wala kumburuta, kumlaza juu ya ubao shingo ikiwa imetulizwa, na kumfikisha hospitali mapema, kwa kuwa kila saa ya shinikizo la chini huongeza hatari kwa ugwe.