Tope Kavu Halijafa

Mwanzoni mwa karne ya 18, huko Delft, Uholanzi, mfanyabiashara wa vitambaa aitwaye Antonie van Leeuwenhoek alichukua tope kavu kutoka kwenye mfereji wa paa la nyumba yake, akalitia maji, kisha akalichungulia kwa lenzi aliyoitengeneza mwenyewe. Vumbi likaanza kuogelea. Viumbe vidogo vilivyokuwa vimenyauka vilijinyoosha, vikaanza kula. Leo tunaviita rotifa, na tunajua baadhi yake huweza kukaa vikavu kwa miaka kisha vikaamka.

Kwa mtu wa Ukambani, hiyo si ajabu ya Ulaya. Ni habari ya nyumbani.

Pita Tawa, chini ya vilima vya Mbooni, mwezi wa Septemba. Silanga, kama tunavyoliita bwawa la udongo, limebaki sakafu iliyopasukapasuka. Ng'ombe wanasimama hapo kwa mazoea tu. Ukimuuliza mtu, atakwambia hakuna kitu. Mimi nilibeba vijiko kadhaa vya lile tope hadi Nairobi, nikaliweka kwenye tangi la kioo lisilozidi mkebe wa Kasuku, nikamwaga maji ya mvua.

Siku ya kwanza, kweli, hakuna kitu. Siku ya tatu maji yalikuwa na ukungu: bakteria. Chini ya hadubini, siliati walishafika kuwala, wakikimbia kama matatu za Jumatatu asubuhi. Wiki ya kwanza ilipoisha, rotifa walikuwa wameamka, kila mmoja na taji la vinywele linaloonekana kuzunguka kama magurudumu mawili. Wiki ya tatu kioo kikawa kijani kwa mwani. Halafu wakatokea dafinia, wadogo kama vitone, wakala ule mwani hadi maji yakawa safi tena. Hakuna aliyewaleta. Mayai yao yalikuwa tayari ndani ya tope, yakingoja.

Lakini silanga lenyewe lililetwa na watu, na hapo ndipo historia inapouma. Miaka ya 1930, serikali ya kikoloni iliona udongo wa Ukambani ukibebwa na mvua, ikalaumu mifugo. Haikujilaumu kwa kuwabana watu ndani ya mipaka ya rizavu. Mwaka 1938 ng'ombe walichukuliwa kwa nguvu, na Muindi Mbingu akaongoza maelfu ya Wakamba hadi Nairobi kupinga. Serikali ilirudi nyuma kuhusu ng'ombe, lakini yeye ikampeleka uhamishoni Lamu. Baada ya 1945 zikaja amri za kuchimba matuta na mabwawa, kazi ya lazima ambayo watu waliichukia. Kazi hiyo ilishika kasi pale ilipofanywa kwa mwethya, yaani vikundi vya majirani wanaosaidiana kwa hiari. Akina mama wengi walibeba huo udongo.

Sasa maji yakakaa. Na yakikaa, hukai nayo peke yako.

Mwaka 1915, huko Misri, daktari Mskoti Robert Leiper alionyesha jinsi kichocho kinavyopita ndani ya konokono wa maji baridi kabla ya kumwingia binadamu. Konokono hutoa viluwiluwi vya minyoo vyenye mkia wa panda, vinavyotoboa ngozi ya mtu aliyesimama majini kwa dakika chache tu. Na konokono wa jamii ya Bulinus, wanaobeba kichocho cha mkojo, wanajua ile ile siri ya rotifa: silanga likikauka, hujizika topeni na kungoja mvua.

Miaka ya 1980, watafiti waliwafuatilia watoto wa shule wilayani Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni, baada ya kuwatibu kichocho. Wengine walirudi majini na kuambukizwa tena; wengine mwili wao ulionekana umejenga kinga. Dawa ilifanya kazi. Lakini mtoto alirudi kwenye maji yale yale, kwa sababu angeenda wapi?

Kwa hivyo, ukiniuliza kama silanga ni baraka au balaa, nitakwambia tangi langu halijui tofauti. Tope lile lile linaloficha dafinia wanaosafisha maji linaweza kuficha konokono. Kinachobadilisha mambo ni mtu anayejua. Viluwiluwi vya kichocho visipompata mtu hufa ndani ya siku mbili hivi, kwa hiyo maji yaliyotekwa bila konokono, yakatulia ndani ya pipa kwa siku mbili, hayana tena kichocho cha kukupa unapooga. Ya kunywa bado utayachemsha, maana kichocho si mgeni pekee humo.

Nyanya zetu walichimba silanga ili mvua isiondoke. Kujua nani mwingine alibaki nayo, hiyo sehemu ya kazi imeachiwa sisi.