Kura Iliyowaondoa Maseneta wa Colorado

Ndugu msomaji, huenda unadhani kwamba mjumbe akishaapishwa, mwananchi hana budi kusubiri hadi muhula uishe. Tazama yaliyotokea katika jimbo la Colorado, nchini Marekani.

Mwezi Julai 2012, watu 12 waliuawa kwa risasi ndani ya ukumbi wa sinema mjini Aurora. Machi 2013 gavana John Hickenlooper akatia saini sheria mpya: kila mnunuzi wa bunduki achunguzwe kwanza, hata anaponunua kwa mtu binafsi, tena kasha la risasi lisichukue zaidi ya risasi 15.

Watetezi wa haki ya kumiliki silaha walighadhibika, wakakusanya saini. Tarehe 10 Septemba 2013 wapiga kura wakawaondoa maseneta wawili wa jimbo: John Morse, rais wa Seneti hiyo, na Angela Giron wa Pueblo. Jambo hilo halikuwa limepata kutokea Colorado. Morse alishindwa kwa kura zisizofika 400.

Hata hivyo, sheria zilibaki, kwa kuwa chama cha Democratic bado kiliongoza Seneti kwa tofauti ya kiti kimoja. Mwaka 2014 kikavitwaa tena viti vyote viwili.

Zingatia basi: kura ile iliwaondoa watunga sheria, haikuiondoa sheria. Na kwa tofauti ndogo namna ile, hata waliobaki nyumbani walishiriki kuamua, wapende wasipende.