Samaki wa Mgeni, Nzi wa Mwenyeji

Mwaka 1905 mto Gura, unaoporomoka kutoka milima ya Aberdare kuelekea nchi ya Nyeri, ulitiwa samaki ambaye Kenya haikuwa ikimjua. Aliitwa trauti wa kahawia. Mayai yake yalitoka Loch Leven, ziwa la Scotland, nayo yaliagizwa na mlowezi mmoja, Ewart Grogan, aliyeona kuwa nchi yenye mito baridi na isiyo na trauti ilikuwa na upungufu.

Ufundi wa kusafirisha mayai hayo ulikuwa umekwisha kujaribiwa. Mwaka 1864 mayai ya trauti yaliyovushwa bahari na meli iitwayo Norfolk yalifika salama Tasmania, yamelazwa katika kuvumwani mbichi na kuzungukwa na barafu, na tangu hapo kila koloni lenye milima lilitaka yake. Kwa Kenya kazi ilikuwa rahisi kidogo kwa kuwa reli ilikwisha kupita Nairobi tangu 1899. Ila kutoka relini hadi Aberdare hapakuwa na barabara ya gari, na siku hizo mzigo wa namna hiyo ulimalizia safari yake juu ya vichwa vya wapagazi. Hao hakuna aliyeandika majina yao.

Trauti ni samaki wa baridi. Maji yakipita nyuzi ishirini hivi za joto huanza kutaabika, na mayai yake hayaanguliwi ila katika changarawe safi inayopitiwa na maji yenye hewa nyingi. Juu ya Aberdare na Mlima Kenya hali hiyo ipo mwaka mzima, ingawa Ikweta iko papo hapo. Mgeni akakaa, akazaa. Miaka michache baadaye akaja binamu yake, trauti wa upinde wa mvua, ambaye asili yake ni mito ya Amerika inayoingia Pasifiki. Chania, Mathioya, Thiba, Sagana, Naro Moru, Burguret: mmoja baada ya mwingine, mito ya milimani ikawa na trauti.

Grogan mwenyewe ni mtu ambaye historia haijui imweke wapi. Kati ya 1898 na 1900 alisafiri kutoka kusini mwa Afrika hadi Cairo, sehemu kubwa kwa miguu, ili kumthibitishia baba wa kambo wa mchumba wake, Gertrude, kuwa yeye ni mwanamume anayestahili kumwoa. Kama ni mahari, basi ilikuwa mahari ya ajabu. Hospitali ya watoto ya Gertrude's Garden jijini Nairobi ina jina la mwanamke huyo. Lakini Machi 1907 Grogan huyo huyo aliwacharaza viboko hadharani, mbele ya mahakama ya Nairobi, vijana wavuta riksho wa Kikuyu, akahukumiwa kifungo kwa kosa hilo. Anayesimulia habari za trauti wa Kenya akaacha habari za viboko atakuwa amesimulia nusu, maana starehe ya mtoni na kiboko cha mjini vilikuwa vya mtu mmoja na vya utawala mmoja.

Wenyeji wa mabonde hayo, Wakikuyu, hawakuwa walaji wa samaki. Kwa wazee wengi samaki alikuwa jamaa wa nyoka, kitu cha kuachwa majini. Kwa hiyo walipomwona Mzungu amesimama ndani ya maji ya barafu tangu alfajiri, amevaa viatu vya mpira hadi mapajani, akirusha kamba huku na huku ili apate kitu ambacho hakuna mwenye akili angekitia chunguni, walikuwa na haki ya kushangaa. Mshangao ulizidi pale alipomkamata samaki, akamtazama, akamrudisha mtoni.

Uvuvi wenyewe una mantiki yake. Mvuvi wa Lamu au Pangani akitumia mshipi hutegemea chambo chenye harufu na risasi ya kuzamisha. Huyu wa milimani hana vyote viwili. Chambo chake ni nzi wa bandia, yaani ndoano ndogo iliyovishwa uzi, manyoya ya ndege na nywele za mnyama mpaka ifanane na mdudu aliyeanguka majini. Nzi huyo hana uzito, ukimrusha peke yake hafiki popote. Kinachorushwa ni mshipi, ambao umefanywa mnene na mzito kwa makusudi. Ufito huupeleka nyuma ya mvuvi, unanyooka hewani, kisha hurudishwa mbele, nao humbeba nzi hadi pale trauti anapongoja akiwa ameelekeza kichwa kwenye mkondo. Uvuvi huu hauhitaji nguvu nyingi. Unachohitaji ni kujua lini usubiri. Ni mchezo wa kale pia: mnamo mwaka 200 baada ya Kristo, mwandishi wa Kirumi Aelianus alieleza habari za watu wa Makedonia waliozungushia ndoano zao sufu nyekundu na manyoya mawili ya jogoo.

Kwa walowezi wa nyanda za juu, mchezo huo ukawa sehemu ya juma. Siku za kazi zilikuwa za kahawa, ng'ombe wa maziwa na madeni ya benki. Siku ya mapumziko ilikuwa ya mto. Familia nzima ilipanda milimani, watoto na mbwa wakiwemo, na kulala katika kambi za uvuvi zilizojengwa kwa magogo pembeni mwa msitu, kama ile ya Kimakia. Baba alishika ufito, mama mara nyingi alikuwa mvuvi hodari kumshinda, na watoto walifundishwa kurusha mshipi kwenye nyasi kabla ya kuruhusiwa kukaribia maji. Jioni samaki walikaangwa kwa siagi. Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti aliyehamia Nyeri mwaka 1938 na kufia huko Januari 1941, alikuwa mmoja wa wapenzi wakubwa wa uvuvi huu.

Nyuma ya kila mvuvi palikuwa na mtu wa pili. Alibeba wavu na kikapu, aliwasha moto, na alijua kidimbwi kipi kina samaki mkubwa na njia ipi ina nyati. Watoto wa vijiji vya mpakani mwa msitu ndio waliojifunza kazi hiyo, na kwa kuufuata mto mwaka baada ya mwaka wakawa na ujuzi ambao mwenye leseni hakuwa nao. Leseni ilikuwa na ada, na aliyevua bila leseni alikuwa mwizi wa samaki. Hivyo kijana aliweza kuujua mto kuliko tajiri wake na bado asiwe na ruhusa ya kutia ndoano ndani yake.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ya koloni iliuchukulia mchezo huu kama rasilimali ya nchi. Mwaka 1948 kilianzishwa kituo cha kutotoa trauti huko Kiganjo, karibu na Nyeri, ili vifaranga vitoke hapo kwenda mito yote. Bintimfalme Elizabeth alipoolewa mwaka 1947, koloni lilimpa zawadi ya nyumba ya mapumziko kandokando ya mto Sagana, mto wenye sifa ya trauti. Ni katika nyumba hiyo, tarehe 6 Februari 1952, alipopewa habari kuwa baba yake amefariki na yeye ndiye malkia. Siku hizi ni Ikulu ndogo ya Sagana.

Miezi minane baada ya msiba huo hali ya hatari ilitangazwa ili kuzima uasi wa Mau Mau dhidi ya utawala wa koloni. Mwaka 1953 misitu ya Aberdare na Mlima Kenya ikafanywa eneo la marufuku, na aliyeonekana ndani aliweza kupigwa risasi bila kuulizwa. Kambi za uvuvi zikafungwa. Mito ile ile ya Gura na Chania ikawa visima vya wapiganaji wa Mau Mau, waliopita majini ili wasiache nyayo. Kiongozi wao, Dedan Kimathi, alikamatwa karibu na Nyeri tarehe 21 Oktoba 1956, pembeni mwa msitu huo huo. Trauti hawakuvuliwa sana miaka ile, na hilo ndilo lililo dogo kuliko yote yaliyotokea huko.

Kitu kilichodumu kuliko kambi za walowezi ni meza ya fundi wa nzi.

Nzi wa bandia hatengenezwi kwa mashine. Mpaka leo hakuna chombo kilichoweza kushinda vidole. Fundi hukaa mbele ya jiliwa dogo lililofungwa ukingoni mwa meza, hubana ndoano ndani yake, na kuanza kuzungusha uzi mwembamba kuliko wa kushonea nguo. Juu ya uzi huja mwili: labda manyoya ya sungura yaliyosokotwa, labda unyoya wa tausi unaong'aa kijani. Kisha mkia, kisha mbawa, kisha unyoya wa shingo ya jogoo unaozungushwa hadi vinyweleo vyake visimame pande zote kama miguu ya mdudu. Mwisho ni fundo la kichwa na tone la vanishi. Ndoano namba 14 ni ndogo, na kadiri namba inavyopanda ndivyo ndoano inavyopungua, mpaka kufikia zile ambazo mtu mzima huhitaji miwani kuona matundu yake. Kazi huhesabiwa kwa dazeni, na nzi wa kumi na mbili lazima afanane na wa kwanza.

Ufundi huu Kenya iliupata kutokana na walowezi waliochoka kungojea nzi kutoka Uingereza. Wafanyakazi wao walijifunza, wakawapita walimu, wakafundishana. Biashara ikageuka mkondo wake: badala ya nzi kuja Kenya kwa meli, nzi wakaanza kutoka Kenya. Leo nchi hii ni miongoni mwa watengenezaji wanaojulikana duniani, sambamba na Sri Lanka na Thailand. Fulling Mill, kampuni ya Uingereza yenye jina kubwa katika mchezo huu, hufungisha nzi wake Kenya, na pembeni yake zipo karakana ndogo na mafundi wa nyumbani. Mvuvi wa Montana au Wales anayefungua kisanduku chake ana uwezekano mzuri wa kushika kitu kilichofungwa na mama wa Kenya aliyesomesha watoto kwa jiliwa. Huenda mama huyo hajawahi kuvua samaki hata mmoja. Yuko pia nzi mweusi aliyebaki na jina la nchi, Kenya Bug, anayetumiwa sana katika mito ya nyumbani.

Manyoya bora ya shingo hutoka kwa majogoo wanaofugwa Marekani kwa kazi hiyo tu, wakichaguliwa kizazi baada ya kizazi ili unyoya uwe mrefu na mwembamba. Mwaka 2011 wanawake wa Marekani walianza kusuka manyoya hayo hayo kwenye nywele zao kama urembo. Bei ikaruka, maduka ya uvuvi yakabaki na misumari mitupu ukutani, na wavuvi wazee wakajikuta wanagombania bidhaa na wasichana wa saluni. Biashara ya mafundi wa milimani inategemea mambo ya mbali kiasi hicho.

Nyumbani mambo yamebadilika kwa upande mwingine pia. Mwaka 2009 serikali ya Kenya ilichimba mabwawa ya samaki nchi nzima katika mpango wake wa kuchochea uchumi, yakiwemo ya nchi ya Wakikuyu, na wajukuu wa wale waliomwita samaki jamaa wa nyoka sasa wanamfuga na kumla. Karibu na Nanyuki, kando ya mto Burguret, kuna mkahawa uitwao Trout Tree uliojengwa juu ya mti wa mugumo. Jumamosi hujaa familia za Nairobi. Watoto hutazama mbega matawini na madimbwi ya trauti chini, wazazi huagiza samaki mzima wa kuoka. Wachache kati yao hurudi na ufito. Mvuvi wa leo wa Aberdare anaweza kuwa wakili au mwalimu mwenye jina la Kikuyu, Kihindi au Kijaluo, na mkewe akilalamika kuhusu Jumapili zilizopotelea mtoni, lalamiko lake halina rangi. Ndani ya hifadhi mvuvi hutembea na askari wa wanyamapori mwenye bunduki, kwa sababu tembo na nyati hawajali nani ana leseni.

Mwanaikolojia wa sasa asingemruhusu Grogan kufanya alilofanya. Trauti ni mlaji wa wengine, na Afrika Kusini kuna mabishano makali kama ahesabiwe mvamizi au raia. Hoja hiyo ni ya haki. Hata hivyo huku Kenya trauti amekuwa kama kipimo cha mto, maana palipokatwa msitu na maji yakapata joto na tope, yeye ndiye wa kwanza kutoweka. Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe pembeni mwa Aberdare, aliona vijito vya utoto wake vikikauka, na kwa ajili ya miti na maji hayo alianzisha shirika la kupanda miti la Green Belt Movement mwaka 1977. Uzio wa umeme wa kilomita 400 hivi unaouzunguka msitu wa Aberdare ulikamilika mwaka 2009. Nairobi hunywa maji ya milima hiyo kupitia mabwawa ya Sasumua na Ndakaini.

Majina ya Grogan, Baden-Powell na Elizabeth yamo vitabuni, na yatabaki humo. Pakiti ya nzi inayouzwa Ulaya huwa na jina la kampuni na namba ya ndoano, haina jina la aliyemfunga. Mji wa Nyeri una makumbusho katika jengo la zamani la mahakama ya Waafrika huko Ruring'u. Pangefaa pawekwe humo jiliwa moja, kisanduku cha nzi, na sauti za mafundi wazee zilizorekodiwa wangali hai, pamoja na za wazee waliobeba nyavu wakiwa watoto. Wapo, na wanakumbuka. Anayewajua awaulize mwaka huu.