Malisho ya nafaka zilizooteshwa: Uzito mwingi ni maji

MFUGAJI wa ng'ombe wa maziwa aliyeko Buguruni, jijini Dar es Salaam, hana uwanda wa kuchungia. Kanuni za kilimo cha mijini za mwaka 1992 ziliruhusu ng'ombe wasiozidi wanne kwa mtu mmoja, tena wafugwe ndani, hivyo majani sharti yaletwe bandani. Mara nyingi hukatwa kandokando ya barabara au katika Bonde la Msimbazi, ambako mto hupokea majitaka ya viwanda na makazi. Kiangazi, hata hayo huadimika.

Ndiyo maana malisho yanayooteshwa bila udongo huwavutia wengi. Nafaka safi hulowekwa kwa saa 12 hadi 24, kisha hutandazwa kwenye trei zenye matundu kivulini na kunyunyiziwa maji mara kadhaa kwa siku. Baada ya siku saba au nane mizizi huwa imesukana kama mkeka, na mnyama hula vyote: majani, mizizi na mbegu. Kwingineko hutumika zaidi shayiri. Ya Tanzania hulimwa zaidi kaskazini na huishia viwanda vya bia, hivyo kilicho karibu na mkazi wa Buguruni ni mahindi ya sokoni.

Kilo moja ya nafaka huweza kutoa kilo tano hadi nane za malisho, na wauza trei hupenda kuishia hapo. Ukweli ni kwamba asilimia 85 au zaidi ya uzito huo ni maji. Tena mbegu inapoota hutumia wanga wake yenyewe, kwa hiyo chakula kikavu kinachotoka kwenye trei ni pungufu ya kilichoingia. Ng'ombe wa kilo 400 huhitaji takriban kilo 12 za chakula kikavu kwa siku. Kumshibisha kwa malisho haya pekee kungedai kilo 80 au zaidi kila siku, yaani zaidi ya kilo 13 za mahindi ambayo familia ingeweza kuyasaga unga.

Yakitolewa kama nyongeza, yana faida: ni laini, wanyama huyapenda, na yana vitamini ambazo nyasi kavu za kiangazi hazina. Pumba, mashudu na nyasi kavu hubaki palepale. Farasi naye hawezi kuachishwa nyasi kavu, kwani utumbo wake mpana hutegemea nyuzinyuzi.

Hatari kubwa ni ukungu, ambao joto na unyevu wa Pwani huustawisha. Kuvu aitwaye Aspergillus clavatus amewahi kuua ng'ombe katika nchi kadhaa baada ya kula nafaka zilizochipua. Mnyama hutetemeka, miguu ya nyuma ikalegea. Mahindi yenye sumukuvu, iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, nayo hayafai, kwa kuwa sumu hiyo hupenya hadi kwenye maziwa. Trei yenye ukungu hutupwa yote, na huoshwa kwa klorini kabla ya kutumika tena.

Mtama usioteshwe kabisa, maana machipukizi yake huzalisha sianidi. Mbegu za dukani zilizopakwa dawa, ambazo kwa kawaida hutiwa rangi, ni za shambani tu.