Siri ya Mwenzio ni Amana: Kutoka kwa Kungwi wa Gairo Hadi kwa Mshauri wa Leo



Sisi wa visiwani kila mmoja anamjua somo. Ndiye anayekaa na mwari ndani, akamfunza usafi, adabu na namna ya kuishi na mume. Anasikia mengi, na sifa yake ya kwanza ni kufunga mdomo. Somo anayetoa siri nje, nani atampa mwari mwingine? Leo tuvuke bahari mpaka Gairo, tuone kazi hii ya nasaha ilikotoka na ilivyoingia kwenye sheria.

Gairo iko mkoa wa Morogoro, kwenye barabara kuu ya kwenda Dodoma. Ilikuwa sehemu ya Kilosa, ikawa wilaya mwaka 2012. Ni nchi ya Wakaguru, watu wanaofuata ukoo wa mama. Kwao, kina bibi ndio waliowafunda wasichana waliovunja ungo. Ndoa ikiyumba, mjomba alikuwa na sauti. Na lile neno zito ambalo ndugu huona haya kulisema, mtani alilisema kwa mzaha. Kila mmoja alijua mpaka wake. Hapakuwa na karatasi, lakini ukoo mzima ulikuwa shahidi.

Mwaka 1971 Tanzania Bara ilipata Sheria ya Ndoa. Kifungu cha 101 kinataka mgogoro upelekwe kwanza kwenye baraza la usuluhishi kabla ya kuomba talaka mahakamani, isipokuwa kwa sababu chache maalumu. Baraza lina mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili wala kuzidi watano. Likishindwa kupatanisha, linatoa hati inayoeleza hivyo. Basi kazi ya mjomba ikawa na muhuri wa serikali.

Hapo ndipo pana mtihani. Mjumbe wa baraza mara nyingi ni jirani. Fikiria mwanamke wa Gairo anayeeleza ya chumbani mwake leo, na kesho anakutana na mjumbe yule yule sokoni kwenye maharage. Neno moja likitoka, hana pa kujificha. Tena akisema anapigwa, halafu akajibiwa "vumilia mwanangu", ushauri huo unakwenda kinyume na sheria ile ile, maana kifungu cha 66 kinasema hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumpiga mwenzake. Kupatanisha si kumrudisha mtu kwenye kipigo.

Kisha ukaja UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Hofu ilikuwa kubwa, na aliyejulikana kuwa nao alinyooshewa kidole. Mwaka 1989 likaanzishwa shirika la WAMATA jijini Dar es Salaam, likawakalia karibu wagonjwa na familia zao. Watu wakaanza kuelewa kwamba mshauri si mtu mwenye huruma tu, ni mtu aliyefunzwa. Mwaka 2007 Rais Kikwete alipima hadharani kuwatia watu moyo. Mwaka uliofuata, 2008, Bunge likapitisha sheria ya kuzuia na kudhibiti UKIMWI: ushauri kabla ya kupima na baada ya kupima, na wote wanaoshika taarifa za mgonjwa wazitunze kwa siri. Kuivunja siri hiyo ni kosa la jinai. Lile ambalo somo alilishika kwa haya, sasa linashikwa na sheria.

Lakini jamani, siri nayo ina kikomo. Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 95, inamtaka kila mwanajamii anayejua haki ya mtoto inavunjwa atoe taarifa kwa serikali ya mtaa wake. Mshauri hawezi kusema "niliambiwa kwa siri" wakati mtoto anaumizwa. Huko California, binti aitwaye Tatiana Tarasoff aliuawa mwaka 1969 na kijana aliyekuwa amemweleza mtaalamu wake nia hiyo. Mwaka 1976 mahakama kuu ya jimbo iliamua kwamba mtaalamu ana wajibu wa kumlinda anayetishiwa. Kesi hiyo inasomwa na washauri duniani kote.

Kwa hiyo, shoga yangu, kabla hujamfungulia mtu moyo wako, muulize: Ulisomea wapi kazi hii? Maneno yangu utayaandika wapi, na nani atayasoma? Ni jambo gani litakulazimu umwambie mtu mwingine? Mshauri mwaminifu hatakasirika, atakujibu kabla hujaanza kusema.

Na sisi ambao watu hutuletea yao barazani, tukumbuke kwamba siri ya mwenzio ni amana, na amana itaulizwa. Likikuzidi, mwelekeze kwa anayeliweza, na maneno yake yabaki kifuani mwako.