Ua Lililoondoka Tanga

Huku kwetu hakuna theluji, na kwa hiyo hatuijui ile furaha ya watu wa Ulaya wanapoona ua la kwanza likichungulia baada ya miezi ya baridi. Lakini kiangazi tunacho. Kaskazi ikisha kuvuma Januari na Februari, nyasi za Raskazone huwa na rangi ya mkeka mkuukuu, na vichaka vya juu ya bahari hukauka hata mtu akavidhania vimekufa. Kisha masika huingia. Mvua mbili tatu nzito zikisha kupita, mimi hutoa kamera kabatini, nikapangusa lenzi na kuanza kutafuta.

Miti ya barabarani siihesabu. Mkrismasi asili yake ni Bukini, na bogenvilia ilitoka Amerika ya Kusini. Ni wageni waliozoea. Nitafutayo ni yale yaliyoota bila kupandwa: utambazi wa mchangani wenye maua ya zambarau yanayofunguka asubuhi, au lile ua jekundu la mviringo kama mpira linalochomoza udongoni kwa ghafla baada ya mvua. Maua hapa hayajapata kukosa wateja. Novemba 1914, majeshi ya Waingereza na Wahindi yaliposhuka Ras Kazone kuja kuuteka mji, nyuki waliokasirishwa na risasi waliwatoka askari kwa miiba, na vita vile vikapewa jina la nyuki. Mahali penye nyuki wengi kiasi hicho, ndugu msomaji, maua hayakuwa mbali.

Hata hivyo ua ninalolifuata kila masika haliko Raskazone. Liko ng'ambo ya mji, katika korongo la mto Mkulumuzi, upande wa mapango ya Amboni. Nashuka Kiomoni, natembea. Ni mmea mdogo, majani yake ya mviringo yana manyoya laini kama sikio la mwana-mbuzi, na maua yake ya rangi ya urujuani yana vifuko viwili vya chavua, vya manjano, katikati. Hukaa kwenye nyufa za mawe ya chokaa, kivulini. Wakati wa kiangazi majani hunywea yakawa kama ngozi kuukuu. Mvua ikija, hujaa tena.

Mtu aliyelipeleka ua hili Ulaya alikuwa Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Tanga. Hakuwa mgeni wa lugha yetu. Mwaka 1890 alikuwa amekwisha kuchapisha kitabu cha kuwafundisha Wajerumani Kiswahili. Aliukuta mmea huu katika mawe ya chokaa karibu na Tanga, tena katika misitu ya Usambara, akampelekea baba yake aliyependa sana mimea. Kutoka hapo ulifika Herrenhausen, Hanover, mikononi mwa Hermann Wendland, naye mwaka 1893 akauandika kitaalamu na kuuita Saintpaulia ionantha. Neno la kwanza ni heshima kwa ukoo wa Saint Paul. La pili, kwa Kigiriki, lasema maua yake yafanana na urujuani. Mwaka huo huo lilionyeshwa Ghent, Ubelgiji. Wajerumani hata leo huliita urujuani wa Usambara, na walio wengi duniani huliita urujuani wa Afrika.

Katika masimulizi yote niliyopata kuyasoma sikukuta jina la mwenyeji hata mmoja. Yumkini alikuwapo mtu wa Mkulumuzi au Msambaa aliyetangulia mbele na panga, akaonyesha kwa kidole. Mtawala wa wilaya hakuzoea kwenda msituni peke yake.

Mwaka 1893 haunitoki akilini kwa sababu nyingine. Ndio mwaka Richard Hindorf alipouleta mkonge. Aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikapita Hamburg, na iliyosalimika ikapandwa upande wa Pangani ilikuwa 62 tu. Ndio mwaka pia kazi ya reli ilipoanzia Tanga, ikafika Muheza 1896. Mmea mmoja uliingia na mwingine ukatoka, karibu kwa wakati mmoja. Ulioingia ulimeza ardhi, ukawaleta vibarua kutoka nchi za mbali, na mwaka 1964 nchi ilivuna zaidi ya tani 200,000. Uliotoka ulikwenda kukaa madirishani. Mnamo 1926 bustani moja ya biashara ya Los Angeles, Armacost na Royston, ilipata mbegu kutoka Ujerumani na Uingereza, ikachagua miche kumi iliyo bora, na kutokana na hiyo zikazaliwa aina nyingi mno zinazouzwa sasa katika vikopo. Kwa mkonge tuna bodi, tuna nyimbo, tuna hesabu. Kwa ua hili mjini Tanga sijaona hata kibao.

Wataalamu nao hawakuliacha litulie. Mwaka 2015 walilihamisha kutoka jamii yake, wakaliingiza katika Streptocarpus. Ndugu zake wako Mlima Tongwe huko Muheza, Nguru, Uluguru, na hata Teita kule Kenya. Kila mlima una wake, na wengine hawapatikani penginepo popote.

Kulipiga picha ni kazi ya subira. Korongoni mwanga ni haba, na taa ya kamera hulipausha. Afadhali stendi na spidi ndogo, na kuomba upepo utulie. Filamu za zamani za rangi zilikuwa na tabia ya kuugeuza urujuani ukaelekea waridi, ndiyo maana picha zangu za 1994 zinaonekana kama za ua jingine. Lakini jiwe ni lile lile, na ndilo linalonifanya nirudi. Katika picha za kwanza juu yake umeinama mti mkubwa, na mimea imejipanga ufani toka juu hadi chini. Miaka kadhaa baadaye mti haupo, ulikatwa mkaa. Jua likapiga jiwe mchana kutwa, na ile safu ya juu ikaisha masika mawili tu. Ya chini ikabaki, kwa kuwa jiwe lenyewe linaifanyia kivuli.

Kijana anayenivusha mto, ambaye huniita babu, mwaka huu aliniuliza ua hili linaitwaje. Nikamtajia la Wajerumani, la Waingereza na la wataalamu, lile la zamani na hili jipya. Akasema kwao huita tu ua la mawe. Nimeliandika nyuma ya picha ya mwaka huu, pamoja na hesabu: mashina kumi na moja, saba yenye maua.